Robert-Houdin, fundi saa aliyejifunza kitabuni kusoma mawazo ya watu

MFANYABIASHARA yeyote anayepita mara kwa mara bandarini Rumonge, awe anavusha mawese kwenda Baraka au anarudi na vitenge kutoka Kigoma, anawajua watu wa aina mbili ambao hawauzi kitu lakini hawakosi fedha. Wa kwanza ni yule wa karata tatu, mwenye kimeza kinachokunjwa haraka polisi akitokea. Wa pili ni yule anayekuita kando, anakutajia jina lako, anakueleza umepatwa na nini mwaka huu, kisha anakuomba umkabidhi fedha zako azifanyie dawa ziongezeke.

Mama mmoja tunayeuza naye ndagala alipoteza mtaji wake wote kwa mtu wa aina hii ya pili. Aliponisimulia, hakujitetea kwamba aliamini dawa. Kilichomsumbua ni jambo moja tu: mtu yule alijuaje kwamba mume wake yuko Uvira, na kwamba mtoto wao wa pili ni mgonjwa?

Leo nawaletea maisha ya mtu aliyelijua jibu la swali hilo kuliko wengi waliopata kuishi duniani, tena aliyeliandika. Ni Mfaransa, Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyezaliwa mwaka 1805 na kufariki mwaka 1871. Huko Ulaya wanamwita baba wa mazingaombwe ya kisasa. Hakufika kamwe kwenye ziwa letu. Afrika lakini alifika, tena kwa kutumwa na serikali, na kile alichokifanya Aljeria mwaka 1856 kinatuhusu sisi wa ufukwe huu. Nitakifikia, msomaji anivumilie.

Nilimfahamu kwa sababu ya shida ya lugha. Mimi ni mmoja wa waliorejea mwaka 2009 kutoka makazi ya Ulyankulu kule Tabora, abahungutse kama tunavyoitwa hapa. Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1972. Nilirudi na Kiswahili changu na Kiingereza cha kubabaisha, nikakuta kila karatasi, kuanzia ya shamba hadi ya ushuru, imeandikwa kwa Kifaransa. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, akanipa kitabu kikuukuu kisicho na jalada nijifunzie, kwa maelezo kwamba kina visa vingi na visa humvuta mtu asichoke. Zilikuwa kumbukumbu za maisha ya Robert-Houdin, alizoziandika mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1850. Nilizisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, na ilinichukua karibu mwaka mzima.

Alizaliwa katika mji wa Blois, kando ya mto Loire, Desemba 1805, kwa jina la Jean-Eugène Robert. Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi saa. Kama wazazi wengi waliokula jasho la mikono yao, mzee hakutaka mwanawe arithi kazi hiyo. Alimsomesha Orléans, akamweka ofisini awe karani wa mambo ya sheria. Kijana akawa ananakili hati huku moyo wake uko kwenye springi na magurudumu. Mwishowe baba alikubali yaishe, na kijana akaingia kujifunza ufundi saa kwa binamu yake.

Hapo ndipo kinapokuja kisa cha kitabu. Wakati huo kitabu kikubwa cha ufundi saa kilikuwa cha Ferdinand Berthoud. Kijana alijinyima mpaka akapata fedha za kukipata, akaenda dukani jioni. Muuza vitabu, kwa haraka zake, akamfungia juzuu mbili nyingine. Alipofungua nyumbani akakuta mambo ambayo hakuyaagiza: michezo ya karata, namna ya kumkata njiwa kichwa kisha akaonekana mzima, na namna ya kuyajua mawazo ya mtu. Kilikuwa kitabu cha maajabu ya sayansi na viini macho.

Hakukirudisha. Alikisoma mpaka akakijua kwa kichwa, na ndipo alipogundua tatizo ambalo kila aliyejifunza ufundi kwa vitabu analijua. Kitabu kilieleza siri ya kila mchezo, ila hakikueleza mikono ifanye nini. Ukijua kwamba karata inafichwa kiganjani, bado hujui kuificha. Akamtafuta mtu wa palepale Blois aliyeitwa Maous, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu miguu yenye sugu, akamlipa faranga 10 amfundishe kurusha mipira na kuidaka. Akafanya mazoezi hadi akaweza kurusha mipira minne hewani huku anasoma kitabu. Alitembea na karata na sarafu mifukoni, mkono mmoja ukifanya kazi humo ndani hata akiwa njiani anasalimiana na watu.

Kumbukumbu zake zina pia kisa kirefu cha bingwa mmoja wa mazingaombwe, Torrini, anayedai alimwokoa alipougua njiani na kumpa siri zake. Watafiti wengi wanaona kisa hicho ni cha kutunga. Nami nilipokisoma nilihisi kina utamu kupita kiasi, kwa hiyo nakiruka.

Mwaka 1830 alimwoa Josèphe Cécile Houdin, binti wa fundi saa wa Paris, akaunganisha majina ya familia mbili na kuwa Robert-Houdin. Kwa miaka 15 aliishi Paris akitengeneza saa na midoli inayojiendesha. Mmoja ulikuwa mfano wa mtu anayeandika na kuchora. Aliuonyesha katika maonyesho makubwa ya mwaka 1844, na baadaye ukanunuliwa na Mmarekani P. T. Barnum. Mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1843, akaoa tena mwaka uliofuata.

Julai 3, 1845, akiwa na karibu miaka 40, alifungua ukumbi wake mwenyewe katika jumba la Palais-Royal. Ulikuwa mdogo, wa viti 200 hivi. Wanamazingaombwe wa zamani zile walivaa majoho yenye nyota na kofia ndefu, meza zao zimefunikwa vitambaa hadi chini. Yeye alitoka mbele ya watu amevaa suti ya jioni kama wageni wake, na meza zenye miguu myembamba isiyoficha kitu. Sisi tuliosoma shule za makazini tunawakumbuka mabwana wa mazingaombwe waliokuja kutapika vitambaa na kumeza nyembe. Wengi walivaa suti na tai hata kwenye jua la Tabora. Ile suti ilipata umaarufu kwake.

Mwanzoni ukumbi ulisuasua. Kilichoujaza ni mchezo aliouanza Februari 12, 1846, pamoja na mwanawe Émile, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Mtoto alikaa jukwaani amefungwa kitambaa machoni. Baba alipita katikati ya watu akipokea chochote anachopewa: saa, sarafu, pete, funguo. Aliuliza, na mtoto akajibu kitu ni nini, kimetengenezwa kwa madini gani, sarafu ni ya nchi gani na ya mwaka gani. Paris nzima ikawa inazungumzia mchezo huo. Kuna waliosema ni pepo, na kuna waliosema ni nguvu za mawazo.

Siri ilikuwa ndani ya swali lenyewe. Nitoe mfano wangu wa Kiswahili, maana ule wa kwao ulikuwa wa Kifaransa na mrefu ajabu. Tuseme mimi na wewe tumekubaliana kwamba nikianza kwa neno sema, nimeshika saa. Nikianza kwa taja, ni pete. Nikianza kwa haya, ni sarafu. Neno la pili linataja madini: sasa ni dhahabu, upesi ni fedha, basi ni shaba. Nikikuuliza, taja upesi nimeshika nini, utajibu bila kuona kwamba ni pete ya fedha, na jirani yako atashika kichwa. Ongeza maneno ya tarakimu, nchi na rangi, na baada ya miezi kadhaa mnaweza kusema karibu chochote mbele za watu bila yeyote kusikia.

Ila maneno peke yake hayakutosha. Mtoto ilibidi ajue vitu vyenyewe, na baba awe na jicho la kuviona haraka. Walianza na dominoes: baba aliweka kipande mezani, na mtoto alitakiwa ataje jumla ya nukta bila kuzihesabu, kwa kutazama tu. Kisha vipande viwili, vitatu, hadi 12. Halafu wakatoka mitaani. Walipita mbele ya dirisha la duka la vitu vya watoto bila kusimama, wakatupa jicho mara moja, wakaenda mbele kidogo na kuandika kila mmoja vitu alivyoviona. Émile alimpita baba yake, akafika vitu 40 hivi kwa kupita mara moja. Walijifunza pia sarafu za kigeni, vifaa vya madaktari na mafundi, majina ya vito, hata herufi za lugha wasizozijua, ili mtu akitoa mfukoni kitu cha ajabu wasikwame.

Watu walipoanza kushuku maneno, baba akaacha kuuliza, akawa anagonga kikengele tu. Waliposhuku kikengele, akakiweka chini, na mtoto akaendelea kujibu.

Nimejaribu zoezi la dirisha na mtoto wa dada yangu, hapa sokoni Rumonge, tukipita mbele ya maduka ya vyombo. Siku ya kwanza alitaja vitu sita. Baada ya miezi miwili tukipita kila jioni alifika 19, na mimi 14. Hakuna cha ajabu hapo. Akina mama wa ndagala mwaloni wanatazama beseni mara moja na kukuambia limepungua kiasi gani. Wamefanya zoezi lilelile kwa miaka 20 bila kuliita mazingaombwe. Anayetaka kulisomea hasa leo hii huanza na kitabu cha Mwingereza Tony Corinda, kilichotoka kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950 katika vijitabu 13, na humo mchezo wa watu wawili umepewa sehemu yake nzima. Ila aliyeupa sifa duniani ni yule baba na mwanawe wa Paris.

Turudi kwa yule mama. Nilimwomba anisimulie siku ile tangu asubuhi, pole pole. Alishuka kwenye gari, akanywa chai kibandani akisubiri boti, akapiga soga na msichana mpole aliyekaa naye, naye akamweleza habari za mume na mtoto, kama tunavyofanya sote safarini. Msichana aliondoka kabla ya boti kufika. Baada ya nusu saa akatokea yule mtabiri. Palikuwa na wawili, kama jukwaani Paris, isipokuwa huyu wa pili hakufungwa macho na siku hizi ana simu.

Mapinduzi ya mwaka 1848 yaliharibu biashara ya kumbi Paris, Robert-Houdin akavuka kwenda London, akaonyesha hadi mbele ya Malkia Victoria. Miaka michache baadaye alimwachia shemeji yake ukumbi na kustaafu Saint-Gervais, karibu na Blois. Nyumba yake huko aliijaza umeme wakati wengi hawajui umeme ni nini: lango lilijifungua, saa zote zilikwenda pamoja, na farasi walipata chakula chao kwa mtambo aliouongoza kutoka chumbani, kwa sababu mtunza farasi alikuwa anaiba shayiri.

Akiwa huko ndipo serikali ilipomwita. Ufaransa ilikuwa imeivamia Aljeria tangu mwaka 1830 na bado watu walikuwa wanapigana. Ofisi ya mambo ya siasa ya jeshi Algiers, chini ya Kanali de Neveu, iliamini kwamba wanaowachochea wananchi ni marabuti, watu wa dini waliosifiwa kwa miujiza. Mpango ukawa kuwaonyesha machifu kwamba Mfaransa ana miujiza mikubwa zaidi. Oktoba 1856, katika ukumbi wa Bab-Azoun, machifu waliketishwa mbele, wakalindwa na askari.

Alileta sanduku dogo, akamwita mwanamume mwenye nguvu alinyanyue. Akalinyanyua kwa mkono mmoja. Kisha Robert-Houdin akatangaza kwamba amemnyang'anya nguvu zake zote. Yule mtu akavuta, akajikaza, sanduku halikusogea. Mwishoni akapiga yowe, akaanguka magotini, akakimbia amejifunika uso. Chini ya sanduku palikuwa na bamba la chuma, na chini ya jukwaa sumaku ya umeme iliyowashwa kwa ishara. Yowe lilitokana na umeme uliopitishwa kwenye mpini. Mchezo huohuo alikuwa ameuonyesha Paris kama burudani, watu wakacheka. Algiers aliugeuza kuwa wa kumvunja mtu moyo mbele ya wenzake.

Kisha ikaja bunduki. Mmoja wa wageni aliruhusiwa kuweka risasi yenye alama na kumlenga. Robert-Houdin alisimama ameshika tufaha kwenye ncha ya kisu. Bunduki ikalia, na risasi ikaonekana ndani ya tufaha. Baadaye, alipotembelea bara, marabuti mmoja alimtaka arudie kwa bastola zake mwenyewe. Aliomba apewe hadi asubuhi. Usiku akatengeneza risasi za nta zilizopakwa rangi ya risasi ya kweli, moja akaijaza damu. Asubuhi akazibadilisha kwa ujanja wa mikono. Marabuti akapiga, naye akaitoa risasi kati ya meno yake. Akachukua bastola ya pili, akapiga ukuta, na ukuta ukatoa damu.

Nakiri ni mapigo ya fundi hodari. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoudhika, na kamusi haikuwa sababu. Kwanza, habari hizi tumezipata kwa mdomo wake mwenyewe. Yule mwanamume aliyepigwa umeme hakuandika kitabu. Pili, mtu huyu alijisifu maisha yake yote kwamba yeye ni fundi na si mchawi, na anasema machifu walielezwa baadaye kwamba yote ni ufundi. Sawa, lakini usiku ule wa sanduku kazi ilikuwa ni kuwatisha kwanza. Tatu, haikutosha. Mwaka uliofuata, 1857, jeshi la Jemadari Randon liliingia milima ya Kabylie kwa mizinga, na hiyo haikuwa ya nta.

Algiers si mbali nasi kama inavyoonekana kwenye ramani. Shirika la Mapadre Weupe lilianzishwa mji huohuo mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, na kanzu zao nyeupe zilifuata mavazi ya watu wa kule. Mwaka 1879 walifika hapa Rumonge, na Mei 1881 watatu kati yao waliuawa hapa. Mwaka ule wa 1879 Mskoti Joseph Thomson naye alifika kusini mwa ziwa hili. Mwaka 1883 alikuwa Umasaini akijifanya mganga mkuu kwa kuchomoa meno yake ya bandia na kuchemsha chumvi ya tumbo majini. Ujanja wa Algiers haukubaki Algiers.

Na sisi tulikuwa na wetu. Mwaka 1905, kule kusini mwa Tanganyika, Kinjeketile aliwapa watu maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwaka 1964, ng'ambo yetu, Fizi na Uvira, vijana wa Simba walinyunyiziwa dawa ya namna hiyohiyo, na Che Guevara alipovuka kutoka Kigoma mwaka 1965 aliikuta bado inaaminiwa. Jina la Mai-Mai limetoka kwenye maji hayo. Wazee wa mwaloni wanaowakumbuka wale vijana wanasema walikuwa hodari. Fundi saa wa Blois alisimama mbele ya bastola akijua risasi ni nta, kwa sababu aliikanda mwenyewe usiku. Wao walisimama wakijua tu walichoambiwa, na risasi zilikuwa za chuma.

Ninachompa heshima ni kwamba hakufa na siri zake. Mwaka 1861 alitoa kitabu kinachofichua wezi wa kamari, pamoja na mbinu za karata zinazotumika hadi leo bandarini. Mwaka 1868 alitoa kitabu cha kufundishia mazingaombwe yenyewe, na safari hii alieleza vidole vifanye nini, jambo ambalo zile juzuu mbili za ujana wake hazikumweleza. Bado kinasomwa.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipolipuka mwaka 1870, mwanawe Eugène, kapteni jeshini, alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Agosti 6 na kufariki. Wanajeshi wa Prussia wakaingia eneo la Blois, familia ikajificha pangoni msituni. Mzee alifariki kwa homa ya mapafu Juni 13, 1871. Novemba mwaka huohuo Stanley na Livingstone walikuwa wanapiga makasia mbele ya ufukwe wetu kuelekea Rusizi, na jiwe la Mugere linashuhudia.

Kijana mmoja mzaliwa wa Budapest, Ehrich Weiss, alisoma kumbukumbu zake huko Marekani, akazipenda hadi akajiita Houdini. Mwaka 1908 huyohuyo akaandika kitabu kizima cha kumshambulia. Ukumbi wa Paris, ambao ulikuwa umehamia mtaa mwingine, ulinunuliwa mwaka 1888 na Georges Méliès. Mwaka 1896 Méliès alianza kuonyesha humo picha zinazotembea, miongoni mwa sinema za kwanza kabisa za kulipia kiingilio, akitumia kamera kupoteza watu na kuwarudisha kama walivyofanya mabingwa wa jukwaani. Mtoto wa dada yangu analipa kiingilio kila Jumamosi kwenye kibanda cha video karibu na soko, na akitoka anataka kunieleza kila kitu kilichokuwa kwenye picha, kimoja kimoja.